Jiwe la Sikio la Ngege

Jacinta Nakhumicha hakuwa mtu wa kuacha kitu kikiwa kimefungwa. Ukimpa saa iliyokufa, ataifungua. Ukimpa inayotembea, ataifungua pia, ajue inatembeaje. Mumewe, Wandera, alishaacha kununua redio. Ile ya mwisho aliikuta juu ya meza imelala chali, matumbo nje, saa moja kabla ya fainali, na mkewe ameinua spika mbele ya dirisha akishangaa kwamba kumbe makelele yote yale ni karatasi tu inayotetemeka. Wandera akaenda kusikiliza mpira kwa jirani, hapo hapo mtaani Migosi, na hakumsemesha hadi Jumatatu.

Mtu wa aina hiyo ukimpa kazi ya kupasua mawe ya masikio ya samaki, umemaliza shida zake na za mumewe. Usicheke. Samaki ana jiwe sikioni, tena mawili, la kulia na la kushoto, meupe, na ya ngege, yaani tilapia, aliyekomaa yanakaribia punje ya mchele. Kila siku inayopita samaki huongeza tabaka moja jembamba juu ya jiwe lake, tangu anapoanguliwa hadi anapokufa. Ukilikata jiwe katikati, ukalisugua kwa msasa laini hadi mwanga upenye, unaona pete, moja ndani ya nyingine, na ukiwa na subira unazihesabu na kusema: huyu aliishi siku mia nne na kumi.

Kazi hiyo Jacinta ameifanya miaka ishirini na minane katika kituo cha utafiti wa samaki pale Kisumu. Aliingia akiwa mfagiaji, msichana mgeni kutoka Chwele. Chumba alichofagia ndimo alimokuwa akikata mawe Mzee Ooko, na maswali ya huyu mfagiaji yalimchosha mzee hadi siku moja akamwekea msasa mkononi ili anyamaze. Hakunyamaza, lakini mkono ulizoea. Mzee Ooko alipostaafu, hakuna aliyeuliza nani atakalia kiti chake. Leo watu wenye shahada tatu humletea mawe ndani ya viberiti, wakabishana wenyewe kwa wenyewe, na mwisho mmoja husema Jacinta amehesabu, na ubishi unaisha.

Sasa nikueleze balaa lililompata.

Ukishuka kutoka soko la Otonglo kuelekea ziwani kuna ufuo mdogo, na hapo kikundi kimoja, kinajiita Chuny Achiel, yaani moyo mmoja, kilikuwa na vizimba kumi na viwili vya kufugia ngege majini. Mwenyekiti wao ni Mama Akinyi, mwanamke aliyeanza kuuza samaki kabla hajaota meno ya utu uzima. Mlinzi wao alikuwa Khaemba, mdogo wake Jacinta wa kufuatana, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vizimba kwa mtumbwi tangu giza liingie hadi jua litoke. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi watu walishuka ufuoni wakakuta samaki wote wanaelea tumbo juu. Elfu kumi na nne. Maji yalikuwa meupe kwa matumbo.

Unajua midomo ya watu. Kabla ya saa nne ilishaamuliwa kwamba ni sumu, na kabla ya saa sita ilishajulikana nani ameitia. Khaemba alikuwa amegombana na katibu wa kikundi wiki iliyotangulia, tena mbele za watu, na juu ya hayo yeye si wa hapo. Vijana wawili walimshika shati. Mama Akinyi ndiye aliyesimama katikati akasema kwamba hapigwi mtu leo, lakini pia hakusema kwamba mtu huyo hana hatia. Khaemba akafukuzwa kazi. Mkewe, Nakhungu, anayeuza nyanya Otonglo, alikaa siku tano bila mteja hata mmoja, nyanya zikalainika na kuanza kutoa maji. Mwenye nyumba aliwapa mwezi mmoja watafute pengine. Kwa kifupi, kama jina hilo la mtia sumu lingebaki, Khaemba na watoto wake wasingekuwa na pa kukaa ukanda huu wote wa ziwa.

Jacinta alimwuliza mara moja tu. Khaemba akamtazama machoni akasema, "Sikutia sumu, dada." Akamwamini. Lakini kwanza, siku ile ile ya mkasa, kabla samaki hawajafukiwa, alikuwa ameshashuka ufuoni na kisu chake kidogo na viberiti mfukoni, akachuchumaa kwenye uvundo ule na kutoa mawe kwenye vichwa thelathini. Watu walidhani amerukwa na akili kwa ajili ya aibu ya nduguye. Yeye alikuwa anawaza jambo moja: kama kuna aliyeona kilichotokea kwenye maji yale, ni samaki wenyewe.

Taabu ni kwamba hakuweza kuwasoma. Ngege wa kizimbani akikua, pete zake za mwisho hubanana, kila moja chini ya mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hadubini ya kituo ukingo ule wote ulikuwa ukungu. Jacinta alikodoa macho wiki mbili, akaambulia kuumwa kichwa.

Hapo ndipo alipotokea Maryanne Amolo. Huyu ni binti wa hapa hapa Kisumu, daktari wa fizikia, anafanya kazi Ulaya kwenye mtambo wa duara unaozungusha elektroni hadi zitoe eksirei kali kupindukia. Alikuja likizo, kituo kikamwomba aje azungumze na wafanyakazi. Nusu ya waliohudhuria walifuata soda. Jacinta alikaa mbele kabisa, na Maryanne alipotaja kwamba wanaweza kubana eksirei hadi iwe ncha ya nanomita ishirini, mkono wa Jacinta ukawa juu kabla sentensi haijaisha.

"Daktari, nanomita ishirini ni kiasi gani kwa mtu wa kawaida?"

"Chukua unywele wako, Mama, uupasue kwa unene wake mara elfu nne. Kimoja kati ya vipande hivyo."

"Na mnaibana kwa kioo gani? Mimi nikipigwa eksirei ya kifua inapita tu. Inapita ngozi, inapita nguo."

Maryanne akacheka, akavua miwani yake. "Umeuliza swali lenyewe. Miwani hii inapinda mwanga wa kawaida. Eksirei inaipita kama haikuiona. Ndiyo maana hospitali wanapata kivuli tu cha mfupa. Kwa hiyo hatuipindi kwa kioo. Tunaipanga." Akatazama kuta za ukumbi akitafuta mfano. "Unaimba kanisani?"

"Naimba."

"Basi panga akina mama mia mbili mstari mmoja upande wa nyuma wa kanisa, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Wote waanze pamoja na mguu mmoja, watembee hatua zinazolingana hadi kwenye madhabahu. Aliye katikati ana njia fupi. Aliye pembeni ana njia ndefu, anakuja mshazari. Tuseme wa katikati anafika na mguu wa kulia. Jirani zake pia kulia. Lakini ukisogea kando, unafika kundi ambalo njia yao imezidi kwa hatua moja. Hao watafika na mguu gani?"

"Kushoto."

"Ukisogea tena?"

"Kulia tena. Halafu kushoto." Jacinta alikuwa ameshasahau kwamba kuna watu wengine ukumbini. "Sasa wale wa kushoto wanaharibu mwendo. Unawazuia."

"Nawazuia, au nawachelewesha hatua moja. Wote wakifika na mguu wa kulia, sakafu ya madhabahu inatetemeka pale pale palipo na nguvu zao zote, na kando yake kimya. Hiyo ndiyo lenzi yetu. Haina kioo cha duara. Ina matabaka ya kuzuia na kupitisha, yamepangwa kwa hesabu."

Hayo Jacinta hakuyameza hivi hivi. Jioni alipofika nyumbani aliondoa vyombo mezani, akachomeka pini mahali pa madhabahu, akafunga uzi, akachora mstari sentimita arobaini kutoka kwenye pini na kusema kwamba hatua moja ni sentimita mbili. Kila palipofika mguu wa kulia akaweka maragwe, na palipofika wa kushoto akaweka ndengu. Wandera akauliza kama hicho ndicho chakula. Kundi la kwanza la maragwe lilichukua sentimita kumi na mbili na ushee. La ndengu lililofuata, tano na nusu. Kisha nne na kidogo. La nne halikufika hata nne. Alivyozidi kwenda pembeni ndivyo makundi yalivyozidi kubanana, na hakuna aliyemwambia kwamba yatabanana; uzi ndio uliosema. Jacinta alikaa akizitazama ndengu zile kwa furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Zilikuwa pete za ngege aliyezeeka.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa wazazi wake Maryanne kabla ya chai.

"Hayo matabaka mnayatengenezaje?" akauliza, hata hajakaa.

Maryanne akamweleza. Wanachukua madini mawili, moja zito na moja jepesi, wanayapuliza kwa zamu juu ya kibao laini, tabaka juu ya tabaka, zaidi ya elfu kumi, kila moja na unene wake. Mashine inafanya kazi siku nne bila kuzimwa. Kisha wanakata mrundo ule, wanachukua kipande chembamba, na eksirei inapita kwa ubavu, katikati ya matabaka yaliyosimama. Kipande kimoja kinaubana mwale juu na chini. Cha pili, kilichokingamishwa, kinaubana kulia na kushoto. Ncha unayopata ni nyembamba karibu sawa na tabaka jembamba kuliko yote.

"Kwa hiyo mnakata kama mimi ninavyokata jiwe."

"Kabisa. Tena tunaharibu nyingi."

"Na mnaanza na matabaka manene, kama samaki?"

"Hapana. Tunaanza na membamba."

Jacinta akakunja uso. Samaki huanza na manene akiwa mdogo, akamalizia na membamba. Ilimkera kwamba mtu afanye kinyume bila sababu. Maryanne akamwambia kwamba kosa likiingia chini linabebwa na yote yanayokuja juu yake, na mrundo ukishakuwa mrefu haukosi mikwaruzo. Yale membamba hayasamehe, kwa hiyo unayaweka kwanza, wakati kibao bado ni laini. Manene yanaweza kuvumilia. Jacinta akaliwaza hilo akaona lina akili, na hapo ndipo alipotoa kiberiti mfukoni.

Alieleza habari ya samaki elfu kumi na nne. Alieleza kwamba kuna mtu anasingiziwa sumu. Hakusema kwamba mtu huyo ni mdogo wake. Kazini ametumia jina la mumewe miaka yote, na Maryanne hakuwa na sababu ya kujua. Sema utakavyo, lakini mimi sidhani alificha kwa hila. Aliogopa kwamba akisema, hata jiwe lenyewe litaonekana lina undugu.

Maryanne aliondoka na vipande vitatu. Baada ya wiki tatu ikaja picha. Ilipigwa kwa mtambo wa jirani yake, lenzi ya kizamani, ncha ya mwale ya mikromita tano, maana lenzi mpya ilikuwa bado inajaribiwa. Jiwe lilionekana la kijivu, na karibu kabisa na ukingo palikuwa na utepe mpana wa rangi ya chungwa. Hiyo ilikuwa manganizi, aina ya madini, Maryanne akaeleza kwa simu. Maji yakikosa oksijeni, matope ya chini huachilia manganizi, na samaki akiwa humo huiweka kwenye jiwe lake pamoja na chokaa. Utepe mpana maana yake maji yalikuwa mabaya kwa siku kadhaa, pengine wiki. "Sumu ingewaua papo hapo, Mama. Jiwe lisingepata muda wa kuandika kitu. Hawa walikosa hewa polepole."

Jacinta alikaa chini sakafuni, simu mkononi, akalia.

Maryanne aliyaweka hayo kwenye barua, ikasomwa kwenye mkutano wa kikundi. Mama Akinyi aliisoma mwenyewe, taratibu, kisha akamwita Khaemba mbele na kumwomba radhi kwa jina lake na la baba yake. Jumapili iliyofuata aliomba radhi tena kanisani. Wale vijana wa kushika shati walikuja kununua nyanya kwa Nakhungu, wakanunua nyingi kuliko mtu anavyoweza kula. Khaemba akarudishiwa tochi, filimbi na kazi yake, na kikundi kikaagiza vifaranga vipya vya ngege. Hadithi ingeishia hapo kama mwenye mawe angekuwa mtu mwingine.

Lakini utepe ule ulimkosesha raha. Ulikuwa umepakwa tu, kama siagi. Mle ndani mlikuwa na pete, Jacinta alijua zimo, na mwale ule mnene ulikuwa unakanyaga sita kwa mpigo mmoja. Zilikuwa siku ngapi? Mbaya kuanzia lini? Alivumilia wiki moja. Kisha akapiga simu.

"Daktari, ile lenzi mpya imekuwa tayari?"

"Iko tayari, natafuta kitu cha kuipimia. Kwani hukupata jibu lako?"

"Jibu nilipata. Nataka kuona pete."

Maryanne alifurahi kweli, wanasayansi wanapenda mtu wa namna hiyo. Ila akamwonya: kwa ncha ya nanomita ishirini, vipande vya awali vilikuwa vinene mno. Matabaka ya jiwe hayasimami wima sawasawa, yanalala kidogo, na mwale ukipita kwenye kipande kinene unayachanganya tena. Alihitaji kipande cha mikromita kumi. Jacinta hakuwahi kufika hapo maishani mwake. Thelathini ndiyo ilikuwa fahari yake.

Alijaribu kwa mawe manane na yote yakavunjika. La tisa lilikuwa jiwe la kushoto la ngege mkubwa, mwenza wa lile lililotoa utepe ulio wazi kuliko mengine. Aliligandisha kwenye kioo kwa gundi, akalisugua upande mmoja, akaligeuza, akasugua wa pili, msasa laini, kisha laini zaidi, kisha kitambaa na unga wa kung'arishia. Mwisho hakutazama tena, alifumba macho na kusikiliza kwa kidole cha shahada. Mzee Ooko alikuwa akisema jiwe likikaribia kuisha linaacha kubisha. Lilipoacha kubisha, akasimama. Kipande kilikuwa kimekuwa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kizima.

Picha iliingia Ijumaa asubuhi. Jacinta aliifungua kwenye kompyuta ya kituo akasahau kuvuta pumzi. Utepe haukuwa utepe. Ilikuwa ni mistari, chungwa, kijivu, chungwa, kijivu, imenyooka, kila mmoja umekaa ndani ya pete yake. Alimwita mfagiaji aje aone. Alimwita mhasibu. Alimwita mtu aliyekuja kurekebisha bomba. "Tazama," akawaambia, "hii hakuna mtu hapa Kenya amewahi kuiona." Chini ya picha Maryanne alikuwa ameandika: Mama, hesabu wewe. Nitaandika utakachosema.

Akahesabu. Tisa, na wa kumi umekatika pale jiwe lilipoishia. Akahesabu tena kutoka upande wa pili. Tisa. Kisha akatazama mistari ile inakaa wapi ndani ya pete. Kila pete ina sehemu pana nyeupe ambayo samaki huiweka mchana, na sehemu nyembamba nyeusi ya usiku. Chungwa ilikuwa kwenye nyeusi, zote tisa, na kwenye nyeupe hamna kitu. Kumbe maji yalikuwa mabaya usiku, hasa kuelekea alfajiri, na jua likitoka yanapona. Akacheka peke yake kwa uzuri wa jambo lile. Ndiyo maana wenye samaki waliokuja mchana kuwalisha hawakuona kitu. Kumwona samaki akitaabika ungehitaji kuwa juu ya maji saa kumi na moja alfajiri.

Mkono uliokuwa ukielekea kwenye kikombe cha chai ukasimama. Samaki anayekosa hewa huja juu. Hufungua mdomo kwenye uso wa maji, na elfu kumi na nne wakifanya hivyo, hata kipofu angewasikia. Alfajiri tisa. Na aliyekuwa na kazi ya kuwa juu ya maji saa ile alikuwa mtu mmoja.

Jumamosi mchana alimkuta Khaemba nyuma ya kibanda cha Nakhungu, anashona wavu.

"Khaemba. Samaki wakikosa hewa wanafanyaje?"

"Wanakuja juu," akasema bila kuinua kichwa. "Wanatafuna hewa."

"Wale wa Machi walikuja juu siku tisa mfululizo. Alfajiri. Kwenye daftari la zamu umeandika nini siku hizo?"

Sindano ya wavu ikasimama. Jacinta alikuwa ameliona daftari, Mama Akinyi alimwonyesha wakati wa tuhuma. Shwari. Shwari. Shwari.

Khaemba alitupia jicho kibandani. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini Nakhungu asisikie. Mwezi wa Januari kiboko alipindua mtumbwi wa mvuvi karibu na vizimba. Yeye alikuwa hatua chache, alimulika tochi, akaona yote. Yule mvuvi alipona, mguu haukupona. Tangu siku ile Khaemba hakuwahi tena kuingiza mtumbwi majini gizani. Alikaa kwenye kibanda cha ufuoni, akawasha taa, akangoja kukuche, akaandika shwari.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mimi niliyesimama kwa kisu cha jando mbele ya ukoo mzima bila kupepesa jicho, nije niwaambie hawa kwamba naogopa mnyama? Wananitania vya kutosha." Akavuta uzi. "Mtu akidhani umemtilia sumu anakuogopa. Akijua ulijificha anakucheka hadi unazeeka. Hiyo picha umempa nani?"

"Bado."

"Sawa," akasema Khaemba, akaendelea kushona. Hakumwomba chochote, na Jacinta alitamani angeomba, apate kumkasirikia.

Siku mbili zile aliungua moyo, sina neno jingine. Angeweza kumwandikia Maryanne kwamba pete ni tisa, na isingekuwa uongo. Hakuna aliyemwuliza habari ya nyeusi na nyeupe. Kisha akawaza vifaranga vipya ambavyo vilikuwa vimeshatiwa vizimbani, na kibanda kile cha ufuoni chenye taa, na Mama Akinyi amelala usingizi wake akijua kuna mtu majini. Na kulikuwa na jambo lingine, dogo, la aibu kidogo. Miaka ishirini na minane hakuwahi kuhesabu jiwe nusu. Jumatatu aliandika: usiku tisa. Akaandika pia kwamba mlinzi ni ndugu yake. Kisha akaomba mkutano, na akamwambia Khaemba saa na mahali.

Walikutana Jumatano mchana chini ya paa la mabati la kikundi. Khaemba alikuja, akakaa mwisho wa benchi. Jacinta alifungua kompyuta, akaeleza kwa kifupi lenzi na pete za mchana na usiku, akawaonyesha mistari. Alikuwa amejiandaa kusema la mwisho, akaliweka tayari mdomoni, lakini Mama Akinyi alishainama karibu na kioo, kidole kikitembea juu ya picha.

"Hii nyeusi ni usiku?"

"Ni usiku, Mama."

"Na hii rangi iko kwa nyeusi peke yake." Mwanamke aliyeishi na samaki miaka yote hiyo hahitaji kumaliziwa. "Basi hizo siku zote walikuwa wanakuja juu asubuhi, sisi bado tumelala." Akageuka polepole kuelekea mwisho wa benchi.

Khaemba akasimama. "Sikuwa majini," akasema. "Tangu Januari. Niliogopa kiboko."

Jacinta alikuwa akitazama sakafu akingoja kicheko. Hakikuja. Katibu, yule waliyegombana, alisugua goti lake akasema kwamba yeye mwenyewe tangu Januari hajavuka vizimba vya kwanza, hata mchana. Mwanamke mmoja akasema hata yeye. Mama Akinyi alimtazama Khaemba kwa macho yaliyojaa maji, na nadhani yalikuwa ya hasira.

"Si ungesema," akamwambia. "Nani hapa haogopi kiboko? Tungekuwekea mtu wa pili kwa mtumbwi. Mtu wa pili tu, Khaemba."

Khaemba alirudisha tochi na filimbi juu ya meza. Hakuna aliyemtukana, na kwenye nyumba hawakufukuzwa, hilo niseme wazi. Lakini kazi ilikuwa imekwisha, na wakati anatoka walimpisha njia pana kuliko ilivyohitajika.

Dada na ndugu walipanda pamoja kuelekea Otonglo, jua la saa tisa likiwachoma mgongoni. Walikuwa wamekaribia barabara ndipo Khaemba alipoongea.

"Ile picha ya kwanza ilikuwa imenisafisha. Waliomba radhi mpaka kanisani. Nani alikutuma uombe ya pili?"

"Hakuna aliyenituma."

"Ulikuwa unanishuku?"

"Hata kidogo. Haki ya Mungu, Khaemba, hata kidogo."

"Sasa kwa nini?"

Jacinta alitafuta jibu lenye heshima, la kazi, la ukweli, la vifaranga. Yote yalikuja baadaye, siku ile ya simu hayakuwepo. "Nilitaka kuona," akasema.

Khaemba akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na akaikubali. "Haya, umeona," akasema, akavuka barabara kwenda kumsaidia mkewe kupanga nyanya.